Sekunde 25 Zilizopotea Uwanjani: Kisa cha Mkimbiaji wa Chuo Kimoja cha Tabora

Kisa hiki nimekiandaa kwa ajili ya walezi wa michezo katika vyuo vya kanisa. Chuo, watu wake na muda wa mbio zake nimevitunga kwa kuunganisha mambo ambayo yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya michezo ya chuo kidogo atayatambua. Kanuni za riadha, hesabu za uwanja na habari za mwili wa mkimbiaji ni halisi, na ndizo zinazopaswa kubeba uamuzi.

Mahali ni Tabora, nje kidogo ya mji. Chuo ni cha Kikristo, kidogo, na wanafunzi wengi wanasomea ualimu. Kila mwanafunzi hulipa mchango wa michezo pamoja na ada. Hakuna aliyeajiriwa kwa kazi ya michezo: mlezi ni mhadhiri wa Kiswahili aliyebebeshwa jukumu hilo juu ya vipindi vyake, na kocha ni mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu anayejitolea, mtu mwema anayefika uwanjani kabla ya wanafunzi wake. Karibu fedha yote ya mwaka huishia kwenye safari moja, ya michezo ya vyuo vikuu mwezi Desemba: basi, malazi, posho ya njiani, jezi mpya. Timu ikisharudi, michezo ya chuo hubaki mpira mmoja na filimbi mpaka Desemba nyingine.

Mkimbiaji wetu ni binti wa mwaka wa pili, anatoka kijijini katika wilaya ya Uyui. Sekondari alikimbia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini, na chuo kilipomwona kikampa punguzo la robo ya ada. Barua ya punguzo ilisema litaendelea "kulingana na matokeo ya michezo". Hakuna aliyeeleza matokeo yapi.

Oktoba, chuo kilipofunguliwa, kocha alimkimbiza mizunguko miwili ya uwanja wa mpira. Saa ikasoma dakika 2 na sekunde 1. Kwenye daftari kocha akaandika "mita 800, 2:01", na habari ikaenea mabwenini kwamba mwaka huu medali ipo. Desemba, kwenye mashindano, binti akakimbia mita 800 kwa 2:26 na kutolewa katika mchujo.

Waliporudi Tabora maneno yakaanza. Wapo waliosema aliogopa, wapo waliosema alikwenda mjini kula bata badala ya kulala. Kocha aliamini tatizo ni uzembe, akaongeza mazoezi: saa 11 alfajiri na tena saa 10 jioni, jumla kama kilomita 14 kwa siku, siku sita kwa wiki. Wenzake wa kikundi cha maombi nao wakamshauri aingie kwenye mfungo wa Januari ili Mungu ampe ushindi. Akafunga. Baada ya hapo akaendelea kufunga kila Jumatano, kisha ikaingia Kwaresima, akafunga nayo.

Aprili kocha akapima tena mizunguko miwili ileile: 2:08. Mwezi Mei kamati ya michezo ikaketi. Mezani palikuwa na mlezi, kocha, mchungaji wa chuo, mhasibu na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, wote wanaume. Ajenda ilikuwa moja: kuondoa punguzo la ada. Chini ya ajenda kulikuwa na jambo lisiloandikwa. Binti alikuwa anasinzia darasani, amekonda usoni, na alikuwa amesikika akimwambia mwenzake wa chumba kwamba hajaona siku zake tangu Januari. Kwenye chuo cha kanisa, maneno kama hayo hayachukui siku mbili kugeuka kuwa uvumi wa mimba.

Katika mazingira hayo kamati nyingi zingepiga kura na kufunga kikao, na zingekuwa zimemwadhibu mtu kwa makosa mawili ambayo hakuyafanya.

Uwanja

Tuanze na kosa la kwanza, kwa sababu linapimika. Ule uwanja wa mpira ulipopimwa kwa tepu ulikuwa na urefu wa mita 100 na upana wa mita 65. Kuuzunguka mara moja ni mita 330. Mizunguko miwili ni mita 660, pungufu ya 800 kwa mita 140 nzima. Daftari la kocha lilikuwa na mbio ambayo haikuwahi kukimbiwa.

Sasa chukua zile dakika 2 na sekunde 1. Ni sekunde 121 kwa mita 660, yaani takriban mita 5.45 kwa sekunde. Kwa mwendo huohuo, mita 800 zinahitaji karibu sekunde 147, na hiyo ni 2:27. Desemba binti alikimbia 2:26. Maana yake alikwenda mashindanoni akakimbia sawasawa na uwezo wake, tena akaongeza kidogo, mbele ya watu asiowajua, baada ya safari ndefu ya basi. Hakupoteza sekunde 25. Hizo sekunde hazikuwahi kuwa zake.

Kulikuwa na ishara ambayo mtu anayeifahamu riadha angeiona Oktoba ileile. Rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanawake ni 1:53.28, iliyowekwa na Jarmila Kratochvílová wa Czechoslovakia mjini Munich mwaka 1983, na kwa miongo minne imewashinda wakimbiaji wote wakubwa waliofuata. Msichana wa mwaka wa pili, anayekimbia kwenye nyasi zenye vichuguu bila viatu vya miiba, kuwa nyuma ya rekodi hiyo kwa sekunde 8 tu, ni jambo la kumfanya kocha aichukue tepu kabla ya kutangaza medali. Simlaumu kwa kutokujua. Mpira wa miguu haumfundishi mtu hesabu ya mizunguko, na wapo walimu wengi nchini wanaoamini kwa dhati kwamba kuzunguka uwanja wa mpira ni mita 400. Hata uwanja mkubwa wa kimataifa wa mita 105 kwa 68 ukiuzunguka unapata mita 346. Ile 400 ya kweli inatoka kwenye njia ya mbio inayopita nje kabisa ya uwanja wa mpira.

Niliangalie jambo hili kwa undani kidogo, kwa kuwa ndilo jepesi kulirekebisha na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Njia ya kawaida ya mita 400 ina sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Umbali wa mkimbiaji wa ndani hupimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo wa ndani, kwa hiyo hesabu ya kona inafanywa kwa mita 36.80. Jumlisha na utapata 400 kamili. Njia hiyo ikiwa na mistari minane inahitaji eneo la takriban mita 177 kwa 93, na vyuo vidogo vingi havina eneo hilo. Upande mmoja kuna bweni, upande mwingine kuna miembe ambayo hakuna mwana Tabora atakayekubali ikatwe.

Lakini hakuna sheria inayosema mazoezi lazima yafanyike kwenye mita 400. Uwanja wa mita 100 kwa 65 unatosha kuchora mzunguko wa mita 300. Chomeka vigingi viwili katikati ya uwanja, kimoja kuelekea kila goli, vikiachana mita 60. Funga kamba kwenye kigingi, chora nusu duara, hamia kigingi cha pili, chora nyingine, kisha unganisha kwa mistari iliyonyooka. Kamba iwe na urefu wa mita 28.45, kwa sababu pale ambapo ukingo ni mstari uliochorwa tu, bila kingo iliyoinuka, umbali hupimwa sentimita 20 nje ya mstari, na mita 28.65 ndizo zinazotoa mita 180 za kona mbili. Ukijumlisha mita 120 zilizonyooka, mzunguko ni mita 300. Kona zitapita nyuma ya magoli kwa nafasi ya kutosha, na mistari iliyonyooka itaingia kidogo ndani ya uwanja wa mpira bila kumsumbua mchezaji. Mita 800 zinakuwa mizunguko miwili na mita 200. Kinachohitajika ni tepu ya mita 50 kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kamba isiyovutika, na mwanafunzi mmoja wa hisabati mwenye subira.

Kamati ilipopewa hesabu hizi, kocha ndiye aliyeumia kuliko wote, na nadhani ni sifa yake. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi mimi nilimpeleka binti wa watu kwenye mashindano na namba za uongo, halafu nikamrudisha nikimwita mvivu." Mlezi alimjibu kwa upole kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesaini daftari.

Mwili

Hapo kamati ingeweza kupumua na kusema kesi imekwisha. Haijaisha. Kati ya Oktoba na Aprili, kwenye uwanja uleule wenye mita 660, muda ulitoka 2:01 hadi 2:08. Umbali ni mmoja, saa ni moja, kocha ni yuleyule. Ukibadilisha kuwa mita 800, binti alishuka kutoka karibu 2:27 hadi 2:35. Huu ni mporomoko wa kweli, sekunde 8, na ulitokea katika miezi ambayo alikuwa akifanya mazoezi kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Hapa kamati ilihitaji kuuliza swali ambalo halikuwa kwenye ajenda: binti huyu anakula nini, na saa ngapi?

Siku yake ilikuwa hivi. Saa 11 alfajiri uwanjani. Saa 1 ibada ya asubuhi, ambayo ni lazima. Saa 2 vipindi, mfululizo hadi saa 7. Mlo wa kwanza, saa 8 mchana kwa mama ntilie: ugali au wali, maharage, mboga kidogo, chai ya rangi. Saa 10 jioni uwanjani tena. Saa 2 usiku chai na chapati, au ugali tena kama boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, halijakata. Na boom likichelewa, kama linavyochelewa, mlo wa usiku ndio unaotoka kwanza.

Fanya kadirio. Ana kilo 50, na tuseme 40 kati ya hizo si mafuta. Ndiyo misuli, mifupa, damu na viungo. Kukimbia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita 14 zinakula kama kilokalori 700. Milo yake miwili, kwa ukarimu, ni 1,600. Toa 700 za mazoezi, zinabaki 900 za kuendesha kila kitu kingine: moyo, ubongo darasani, joto la mwili, kinga, ukarabati wa misuli. Gawanya kwa 40, unapata 22.5 kwa kila kilo. Wataalamu wa tiba ya michezo wanasema mwanamke anayefanya mazoezi anahitaji kama 45 ili mwili ufanye kazi zake zote, na chini ya 30 mwili unaanza kuzima baadhi ya shughuli. Siku za Jumatano, alipokuwa akifunga mpaka jioni, hata hizo 22.5 hazikufikiwa.

Miongoni mwa shughuli za kwanza ambazo mwili wa mwanamke huzizima ni uzazi. Hedhi inakoma kwa sababu ubongo umeamua kwamba hakuna akiba ya kulea mtoto. Ni hatua ya kujilinda, na ni kengele. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu lililolipa tatizo hili jina pana zaidi, baada ya miaka mingi ya kulizungumzia kama ugonjwa wa wanawake pekee wenye alama tatu: kula kidogo, hedhi kukoma, mifupa kudhoofika. Tamko hilo lilieleza kwamba upungufu wa nishati unagusa kinga, moyo, ukuaji, akili na uwezo wa kushindana, na kwamba wanaume nao wanapatwa. Kwa binti wa miaka 21 hatari kubwa iko kwenye mifupa, kwa maana mfupa hujengwa mpaka katika miaka ya ishirini, na unaopotea sasa haurudi wote. Angeendelea hivyo, kilichofuata kingeweza kuwa ufa kwenye mfupa wa mguu.

Mama matroni ndiye aliyempeleka hospitali, si kamati. Kipimo cha mimba kilikuwa hasi. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi pia, ingawa tangu Januari alikuwa amekunywa dawa za malaria mara mbili kwa kujihisi tu. Katika mkoa ambao malaria haiishi, uchovu wowote hupewa jina hilo kwanza. Wingi wa damu, yaani hemoglobini, ulikuwa gramu 10.4 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito kuanzia chini ya 12, na Tabora ikiwa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kiwango kinachotakiwa kinapanda kidogo zaidi. Damu ndiyo inayobeba oksijeni. Mkimbiaji wa mita 800 aliyepungukiwa damu hata akiombewa na kukemewa na kuongezewa kilomita, mapafu yake yanafanya kazi na mzigo haufiki kwenye misuli.

Chai ile ya rangi nayo imo kwenye kesi. Ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Ikisogezwa saa moja au mbili mbele, na mahali pake pakawekwa embe au chungwa, hali inageuka, kwa kuwa vitamini C inasaidia chuma kuingia. Mkoa huu unapoteza maembe mengi kila msimu yakioza chini ya miti. Pia una karanga, una asali, una michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Na dagaa wa Kigoma hufika kwa reli. Mkimbiaji akitafuna michembe iliyochemshwa na karanga baada ya mazoezi ya alfajiri, kabla ya ibada, atakuwa ameziba nusu ya shimo kwa gharama ya kawaida kabisa ya mwanafunzi wa Tabora. Kinachokosekana ni ratiba inayomwachia dakika 20.

Mfungo

Hili ndilo lililokuwa gumu zaidi mezani, na vyuo visivyo vya dini havikutani nalo. Kocha alikuwa amechapisha kwenye fulana za timu maneno ya Paulo kwa Wakorintho kuhusu kuutesa mwili na kuutumikisha. Ni andiko linalopendwa na wanamichezo Wakristo, na kwa haki: Paulo anaandika kwa watu walioishi karibu na Isthmia, ambako kila baada ya miaka miwili kulikuwa na mashindano makubwa ya Wagiriki, na walijua mkimbiaji ni mtu wa namna gani. Lakini katika sura hiyohiyo anasema mkimbiaji hujizuia ili apate taji. Kujizuia kwake kunalenga kumfikisha kwenye mstari wa mwisho. Mkimbiaji aliyenyimwa mkate mpaka damu ikapungua hajizuii tena, anaangushwa.

Mchungaji wa chuo alikuja na andiko lingine, na naona ndilo lililogeuza kikao. Eliya, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 18, anapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Sura inayofuata yuko jangwani chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, amechoka, anaomba afe. Mungu hamkemei kwa imani ndogo, wala hamwambii afunge. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwambia ale. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumwambia ale tena, kwa sababu safari iliyo mbele yake ni kubwa kuliko nguvu alizonazo. Zile siku 40 za kwenda Horebu zinakuja baada ya kula mara mbili na kulala mara mbili.

"Sisi," mchungaji akasema, "tulimkuta binti yetu chini ya mretemu tukamwongezea mfungo."

Wenzake wa kikundi cha maombi walimtakia mema, na sidhani kuna mtu anayepaswa kuitwa kuhojiwa. Ila mchungaji ana mamlaka ambayo kocha hana: anaweza kutamka hadharani, kwenye ibada, kwamba mwanafunzi aliye kwenye mazoezi mazito, mgonjwa, mjamzito au anayenyonyesha anaweza kushika mfungo kwa namna nyingine, kama makanisa mengi yanavyowaruhusu wagonjwa siku zote. Likitamkwa na mchungaji, binti hatalazimika kuchagua kati ya kula na kuonekana wa kiroho. Asipolitamka yeye, hakuna ratiba ya chakula itakayofanya kazi Kwaresima ijayo.

Ukimya

Binti aliona siku zake zimekoma kwa miezi mitatu na hakumwambia mtu mwenye uwezo wa kumsaidia. Kwa nini? Kocha ni mwanamume. Mlezi ni mwanamume. Zahanati ya chuo inaandika ripoti kwa ofisi ya malezi. Na kila mwanafunzi wa kike anajua kanuni za nidhamu zinavyosema kuhusu mimba. Katika mazingira hayo dalili ya ugonjwa inakuwa ushahidi wa kosa, na mwenye dalili anaificha.

Sina ugomvi na chuo cha kanisa kuwa na msimamo wa maadili. Nasema tu kwamba programu ya michezo yenye wasichana haiwezi kuendeshwa bila mwanamke mmoja ambaye wakimbiaji wanaweza kumweleza habari za miili yao na asizipeleke kwenye nidhamu. Mama matroni ndiye aliyefaa, na tayari alikuwa ameonyesha hivyo. Kamati ilimpa kiti siku hiyohiyo. Sioni sababu ya kutompa pia sauti ya kumsimamisha mwanariadha yeyote wa kike mazoezi bila kusubiri ruhusa ya kocha.

Uamuzi

Mhasibu hakukubali kirahisi, na hoja yake haikuwa ya ubahili. Alisema wapo wanafunzi yatima wanaolipa ada kamili, wapo wanaokula mara moja kwa siku bila kukimbia. Kwa nini fedha ya wote imlishe mmoja? Na punguzo lililoahidiwa kwa matokeo, likibaki bila matokeo, si linakuwa zawadi?

Namjibu hivi. Chuo ndicho kilichomwomba akimbie. Kilichukua nguvu zake kulipamba jina lake, kikamwamuru kutumia kilokalori 700 zaidi ya wenzake kila siku, na hakikumpa hata embe. Kumlisha kiasi cha kilichochukuliwa si upendeleo. Ama kuhusu wanaokula mara moja kwa siku, hilo ni tatizo kubwa kuliko michezo na kamati ya michezo haitalimaliza, lakini inaweza kuacha kuliongeza. Kuhusu punguzo, kosa liko kwenye barua. Matokeo ya mbio yanategemea uwanja, damu, mpangilio wa mchujo na wapinzani. Punguzo lifungwe kwenye mambo ambayo mwanafunzi anayamiliki: kuhudhuria mazoezi anapokuwa mzima, kufaulu bila kubeba sapu (mtihani wa marudio), kuripoti jeraha mapema. Hayo mhasibu anaweza kuyakagua kwenye karatasi, na aliyakubali kwa sharti kwamba barua mpya ziandikwe kwa wote wenye punguzo, si kwa binti huyu peke yake.

Fedha itatoka wapi? Kwenye safari. Desemba basi hubeba wachezaji, akiba, viongozi wa serikali ya wanafunzi na wasindikizaji kadhaa ambao kazi yao sijawahi kuielewa. Wasindikizaji wakibaki, nauli na posho zao zinanunua karanga, dagaa na michembe ya kundi zima la wakimbiaji kwa muhula. Waziri wa michezo alinuna kwenye hoja hii. Ni haki yake. Safari hiyo ndiyo malipo pekee ya kazi yake. Lakini hakuweza kueleza wasindikizaji wanakwenda kufanya nini.

Kwa binti mwenyewe, ushauri wa daktari ulikuwa vidonge vya madini ya chuma kwa muda alioupanga yeye, dawa ya minyoo, na kupimwa damu tena. Mazoezi yakapunguzwa kuwa ya mara moja kwa siku, mepesi, kilomita chache, na siku mbili za kupumzika kabisa. Kocha aliuliza ni lini ataruhusiwa kurudi kwenye mbio kali. Jibu linalofaa halina tarehe: damu iwe imerudi kiwango chake, hedhi iwe imerudi na kujirudia, na aamke bila uchovu. Mara nyingi ni miezi, na kwa baadhi ya wanawake hedhi huchelewa kuliko damu. Baada ya hapo apimwe kwenye ule mzunguko wa mita 300, umbali kamili, na muda atakaoupata uandikwe kama ulivyo, hata ukiwa 2:33.

Na Desemba ikifika masharti hayo matatu hayajatimia, jina lake lisiwe kwenye orodha ya safari, hata kama maana yake ni chuo kwenda bila mkimbiaji wa mita 800.